Hazel Scott: Mpiga piano aliyekataa kukaa pale alipoambiwa

Tarehe 3 Julai 1950, kampuni ya televisheni ya DuMont nchini Marekani ilianza kurusha nchi nzima kipindi cha dakika 15 ambacho hakikuwa na maigizo wala wachekeshaji. Kilikuwa na piano, na mwanamke Mweusi wa miaka 30 aliyepiga na kuimba kila alichokipenda: Chopin, bluzi, nyimbo za sinema, nyimbo za kanisani. Kipindi kiliitwa kwa jina lake, The Hazel Scott Show, na kabla yake hakuna mwanamke Mweusi wa Marekani aliyewahi kuwa na kipindi cha kitaifa cha aina hiyo. Septemba haikuisha kikafutwa. Hakuna hata toleo moja linalojulikana kuwa limesalia.

Leo hata mashabiki wa jazi wanaowajua Billie Holiday na Nina Simone kwa sauti tu, ukiwatajia Hazel Scott wanakuuliza ni nani huyo. Jibu la haraka ni kwamba mitindo ya muziki ilibadilika, naye akapitwa. Jibu hilo halinitoshi. Mwanamke huyu aliondolewa jukwaani, na waliomwondoa hawakuwa na hoja yoyote kuhusu muziki wake.

Alizaliwa Port of Spain, Trinidad, tarehe 11 Juni 1920. Mama yake, Alma Long Scott, alikuwa mpiga piano aliyefunzwa vizuri. Mwaka 1924 familia ilihamia New York, Harlem, na huko Alma akajikuta akifanya kazi za ndani. Hakukubali kuishia hapo. Alijifunza saksafoni, akaingia katika bendi za wanawake, ikiwemo ya Lil Hardin Armstrong, kisha akaunda bendi yake mwenyewe. Nyumba yao ikawa baraza la wanamuziki. Fats Waller na Art Tatum, ambao mpaka leo hakuna anayebishana juu ya uwezo wao kwenye piano, walikuwa wageni wa pale. Billie Holiday alimchukua Hazel kama mdogo wake. Kwa hiyo mtoto huyu alikuwa na shule mbili kwa wakati mmoja: mchana masomo ya piano ya Kizungu, usiku sebule iliyojaa mabingwa wa jazi.

Shule ya kwanza aliianza kwa njia isiyo ya kawaida. Alipokuwa na miaka minane mama yake alimpeleka kufanya usaili katika chuo cha Juilliard, ambako umri wa kuanza ulikuwa miaka 16. Alipiga Prelude ya Rachmaninoff katika C-sharp minor. Rachmaninoff alikuwa na mikono mikubwa ajabu, na muziki wake unadai mikono ya aina hiyo. Vidole vya Hazel havikufika. Badala ya kuruka nota, akabadilisha sauti zilizo mbalimbali akapiga zilizokaribiana, ambazo kiganja chake kiliweza kuzikumbatia, na muziki ukasimama. Kwa simulizi aliyoipenda mwenyewe, mkuu wa chuo, Frank Damrosch, alikuwa akipita ukumbini, akaja juu kutaka kujua ni nani anayemchezea Rachmaninoff, akaingia akakuta mtoto. Profesa Wagner aliyekuwa akimsikiliza hakusubiri umri utimie: alimchukua akawa anamfundisha yeye binafsi.

Kisa hicho husimuliwa kama cha kuchekesha, lakini ndani yake mna kazi yake yote ya baadaye. Nota zilizoandikwa alizisoma kwa heshima, na pale zilipomkatalia, alitafuta njia yake ya kupita bila kuuvunja wimbo.

Ujana wake ulipita kwenye bendi ya mama yake, redioni na kwenye maonyesho ya Broadway. Mlango mkubwa ulifunguka mwaka 1939. Billie Holiday alikuwa akiimba Café Society, klabu iliyofunguliwa mwishoni mwa 1938 huko Greenwich Village na Barney Josephson, mtu aliyetoka katika biashara ya viatu New Jersey. Klabu hii ilikuwa kitu kipya New York. Hata Cotton Club, iliyokuwa Harlem kwenyewe na yenye wasanii Weusi watupu, haikuwapokea Weusi kama wateja. Josephson aliwaketisha Weusi na Weupe pamoja, meza moja, na aliyelalamika alionyeshwa mlango. Holiday alipokatisha mkataba wake wiki chache kabla ya wakati, alitaka nafasi yake apewe Hazel. Msichana wa miaka 19 akaingia, na mwaka uliofuata Josephson alipofungua tawi la pili, Café Society Uptown, nyota wake alikuwa yeye.

Alichokifanya pale kinahitaji kuelezwa taratibu, kwa sababu ndicho kilichompa sifa na ndicho kilichomletea lawama. Alikuwa anaketi na kuanza kupiga, tuseme, Hungarian Rhapsody namba 2 ya Liszt kama ilivyoandikwa, bila kosa, kama mtu aliye mbele ya watahini. Msikilizaji anatulia. Halafu mkono wa kushoto unaanza kubadilika. Mapigo mazito ya Liszt yanageuka kuwa mwendo wa bugi, nota nane kwa kila kipimo, zinazunguka bila kuchoka kama gari moshi. Mkono wa kulia bado unashika wimbo wa Liszt, ila sasa unauchelewesha hapa, unauwahisha pale, unaangukia katikati ya mapigo. Klabu nzima iko juu. Na kabla watu hawajashiba, anairudisha Rhapsody kwenye njia yake ya mwanzo na kuimaliza kwa adabu zote.

Mwaka 1940 kampuni ya Decca ilitoa seti ya santuri zake kwa jina la Swinging the Classics, akiwa na mpiga ngoma J. C. Heard. Kati ya vipande vyote humo, mimi hurudia Two Part Invention ya Bach katika A minor. Bach aliandika vipande hivi kuwafundisha wanafunzi wake wafanye mikono miwili iwe huru: wa kushoto si mtumishi wa wa kulia, kila mmoja una wimbo wake, unauliza na kujibu. Hazel aliliona jambo ambalo wengi hawakuliona, kwamba mkono wa kushoto uliolelewa na Bach uko tayari kabisa kwa jazi. Akiingia kwenye swingi, Bach anabaki mzima. Sauti zake mbili bado zinafukuzana, ila sasa zinafukuzana barabarani Harlem.

Wahakiki wa kihafidhina walinung'unika kwamba anaharibu kazi za mabwana wakubwa. Nawaona walikosea, na historia ya muziki wao wenyewe inawapinga. Mozart na Beethoven walisifika enzi zao kwa kubuni muziki papo hapo mbele ya watu. Rhapsody za Liszt zenyewe zilitokana na muziki wa bendi za Waroma wa Hungaria, muziki wa sherehe na vilabu vya pombe. Hazel hakuuingiza muziki huo mahali pageni. Aliurudisha ulikotoka.

Hollywood ilimwita. Kwa Mwamerika Mweusi wa wakati ule, kuitwa Hollywood kulikuwa na maana moja: uvae aproni uwe mjakazi. Hazel alizikataa nafasi za wajakazi alizopewa, akaweka sharti kwamba atatokea kama Hazel Scott, kwa mavazi yake, na ndivyo majina yake yalivyoandikwa kwenye filamu. Kati ya 1943 na 1945 alionekana katika filamu tano, miongoni mwake I Dood It na Rhapsody in Blue.

Ya kutazama zaidi ni The Heat's On ya mwaka 1943. Humo kuna sehemu anapoketi kati ya piano mbili, moja nyeupe na nyingine nyeusi, akizipiga zote kwa pamoja, huku akitabasamu kana kwamba ni jambo la kila siku. Lakini kilichoamua maisha yake ya sinema ni tukio jingine la filamu hiyohiyo, ambamo wanawake Weusi wanawaaga waume zao wanaokwenda vitani. Wasimamizi waliwavalisha wanawake hao aproni chafu. Hazel aliuliza: mwanamke gani anakwenda kumuaga mumewe anayekwenda kufa akiwa amevaa aproni chafu? Mavazi yake mwenyewe yalikuwa mazuri, hakuna aliyemgusa. Angeweza kunyamaza. Badala yake aligoma, na kwa siku tatu upigaji picha ulisimama, fedha zikipotea. Mwishowe wanawake wale wakapewa magauni ya maua. Harry Cohn, bosi wa Columbia Pictures, aliapa kwamba wakati wake Hollywood umekwisha, na kweli baada ya miaka miwili filamu za Marekani zilikoma kumwita.

Alirudi kwenye maonyesho ya jukwaani, na mikataba yake ilikuwa na sharti jingine: hapigi mbele ya watu waliotengwa kwa rangi. Mwaka 1948 alikwenda Austin, Texas, akakuta ukumbi umegawanywa, akakataa kupiga. Mwaka 1945 aliolewa na Adam Clayton Powell, mchungaji wa Harlem na mbunge, na mwaka huohuo Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, chama cha akina mama Weupe wenye nasaba, walimnyima ukumbi wao wa Constitution Hall mjini Washington, kama walivyomnyima mwimbaji Marian Anderson mwaka 1939. Mwaka 1949, mgahawa mmoja mjini Pasco, jimbo la Washington, ulikataa kumhudumia yeye na mwenzake kwa sababu ya rangi yao. Alishtaki, akashinda dola 250, akazitoa kwa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi.

Hivyo basi alipopata kipindi chake cha televisheni mwaka 1950, maadui walikuwa tayari wamejipanga. Juni ya mwaka huo kilitoka kijitabu kiitwacho Red Channels, chenye majina 151 ya watu wa redio na televisheni waliodaiwa kuwa na uhusiano na Ukomunisti. Walikuwamo Leonard Bernstein, Langston Hughes, Lena Horne. Hazel naye alikuwamo. Kutajwa tu kulitosha kukufukuzisha kazi, maana wadhamini hawakutaka sabuni yao itangazwe karibu na jina lenye doa.

Wengi walinyamaza wakingoja upepo upite. Hazel aliomba mwenyewe kufika mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza mambo hayo, na tarehe 22 Septemba 1950 akasimama mbele yao na taarifa aliyoiandika. Alikana kuwa Mkomunisti, kisha akaishutumu orodha yenyewe na wale waliokuwa wakiitumia kuwanyima wasanii riziki. Wiki moja baadaye, tarehe 29 Septemba, kipindi chake kilikuwa kimekwisha. Hakuna aliyethibitisha chochote dhidi yake.

Kazi Marekani zilipungua, lakini mikono haikupungua. Januari 1955 aliingia studio na Charles Mingus kwenye besi na Max Roach kwenye ngoma, wakarekodi Relaxed Piano Moods kwa kampuni ya Debut, iliyoanzishwa na Mingus na Roach wenyewe. Hapa hakuna Liszt wala piano mbili. Kuna wanamuziki watatu wazima wanaozungumza kwa utulivu. Katika Like Someone in Love unamsikia akipanga sauti za mkono wa kushoto kwa nidhamu ya Juilliard, huku mkono wa kulia ukitafakari bluzi. Hakuna mshono. Nadhani ndiyo kazi yake bora kuliko zote, na inasikitisha kwamba hatukupata nyingine kumi za aina yake.

Miaka michache baadaye alihamia Paris na mwanawe, ndoa ikiwa imelegea. Talaka ilikuja mwaka 1960. Aliimba na kuigiza katika filamu ya Kifaransa pamoja na Jean Gabin, na mwaka 1963 aliandamana na James Baldwin na Wamarekani wengine hadi ubalozi wa nchi yao jijini humo kuunga mkono maandamano ya Washington ya kudai haki za Weusi. Aliporudi nyumbani mwaka 1967 vijana walikuwa wakisikiliza Motown na roki. Aliendelea kupiga katika klabu ndogo mpaka mwaka wa kufa kwake. Saratani ilimchukua tarehe 2 Oktoba 1981, akiwa na miaka 61.

Alicia Keys alipoketi kati ya piano mbili kwenye tuzo za Grammy mwaka 2019, alimtaja Hazel Scott kabla ya kuanza kupiga. Kwa mamilioni ya watazamaji, ilikuwa mara yao ya kwanza kulisikia jina hilo.

Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kuna watoto wanaojifunza piano kwa ajili ya mitihani ya bodi za Uingereza, na vipande vya Bach vya sauti mbili ni sehemu ya mafunzo yao. Ombi langu kwa walimu wao ni hili: mwanafunzi akishaimudu Invention yake kama ilivyoandikwa, mwekeeni santuri ya Hazel Scott ya mwaka 1940, mmwache aisikilize mpaka mwisho, kisha mmruhusu ajaribu ya kwake.