Kusoma, Kutathmini na Kupakia

Mfaranyaki ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Songea, katika Mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Hadi mwaka 2018 mji wa Songea ulikuwa haujaunganishwa na gridi ya umeme ya taifa. Ulitegemea zaidi mitambo iendeshwayo kwa dizeli, na mitambo ilipozimika, taa na mashine zilizimika pamoja nayo. Mwaka huo njia ya umeme ya kilovolti 220 itokayo Makambako iliufikia mji, na mwaka 2019 ikazinduliwa rasmi. Historia ya waya huo yaonekana kuwa mbali na historia ya lugha za kompyuta, lakini zote mbili hukutana katika swali moja: umeme ukatikapo, kinachobaki ni nini? Kazi aliyoifanya mtu mchana kutwa mbele ya kompyuta isiyo na betri hutoweka mara moja, isipokuwa ile iliyoandikwa mahali pa kudumu na iwezayo kusomwa tena.

Swali hilo lina jibu lenye umri mrefu katika lugha ya kompyuta iitwayo Lisp. Katika lugha hiyo vitendo vitatu vimetengwa waziwazi, navyo ni kusoma, kutathmini na kupakia. Kusoma ni kuzigeuza herufi kuwa orodha. Kutathmini ni kutafuta thamani ya orodha hiyo. Kupakia ni kuvifanya vitendo hivyo viwili kwa faili zima, usemi mmoja baada ya mwingine, tangu mwanzo hata mwisho. Mtu avichanganyaye vitendo hivi yumo katika hatari ya hasara mbili: ama atapoteza kazi yake mwenyewe, ama atamkabidhi mgeni funguo za nyumba yake.

Lisp ilianza mwaka 1958 katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, nayo ilibuniwa na John McCarthy. Kompyuta nyingi za wakati huo zilitumiwa kwa hesabu za namba. McCarthy alitaka lugha ya kushughulikia alama na maneno, yaani lugha iwezayo kushika mawazo yaliyopangwa katika orodha, na orodha ndani ya orodha. Mwezi wa Aprili 1960 alichapisha makala juu ya jambo hilo. Ndani ya makala aliandika fankisheni moja, yaani kanuni ipokeayo kitu na kurudisha jibu, akaiita eval. Kazi yake ilikuwa kupokea usemi wowote wa Lisp na kurudisha thamani yake. Mwandishi aliikusudia iwe hoja ya nadharia. Alitaka kuonyesha kwamba lugha yaweza kujieleza yenyewe kwa maneno yake yenyewe, tena kwa ufupi.

Steve Russell, aliyefanya kazi pamoja naye, aliiona fankisheni ile kwa jicho jingine. Alifikiri kwamba kama imeandikwa kwa ukamilifu, basi yaweza kuwekwa ndani ya mashine ikafanya kazi. McCarthy mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alimwonya Russell kuwa anachanganya nadharia na vitendo, kwa maana eval iliandikwa ili isomwe na watu, haikuandikwa ili itendwe na mashine. Russell hakusita. Aliitafsiri kwa mkono katika lugha ya kompyuta ya IBM 704, na Lisp ikapata mkalimani wake wa kwanza. Hivyo maandishi yaliyokusudiwa kusomwa tu yaligeuka kuwa kitu kitendacho.

Tukio hilo lilileta matokeo ambayo hayakutazamiwa. McCarthy alikuwa amepanga namna mbili za kuandika: moja nzuri kwa macho ya watu, ya kuandikia programu, na nyingine yenye mabano mengi, ya kuandikia orodha za maneno yashughulikiwayo na programu hizo. Lakini mkalimani wa Russell alielewa ile ya mabano peke yake. Watu waliizoea, na ile nyingine haikukamilishwa kamwe. Tangu hapo, katika Lisp, programu na orodha ya kawaida huandikwa kwa umbo moja.

Mfano mdogo watosha kulieleza jambo hili. Na ichukuliwe kwamba mkulima wa mahindi wa Songea ana kilo 100 za kuuza, na bei ya kilo moja ni shilingi 700. Mwenye kutumia Lisp aweza kuyapa majina kilo na bei thamani hizo, kisha akaandika (* kilo bei). Msomaji wa Lisp, yaani ile sehemu ya lugha isomayo, hukutana na bano la kufungua, alama ya kuzidisha, majina mawili, na bano la kufunga. Hutengeneza orodha yenye vitu vitatu, na kazi yake huishia hapo. Hajui mahindi wala shilingi, na hajazidisha chochote. Mtathmini ndiye apokeaye orodha hiyo. Huichukua alama ya kwanza kuwa ni fankisheni, hutafuta thamani za majina yaliyobaki, ndipo huzidisha na kutoa 70000. Lakini ikiwekwa alama ya kunukuu mbele ya bano la kwanza, mtathmini huirudisha orodha ile ile kama ilivyosomwa, bila kuigusa. Alama moja ndogo yatosha kutenga lile linalotajwa na lile linalotendwa.

Kwa kuwa msomaji wa Lisp hajali majina ni ya lugha gani, mabano yale yale huyapokea maneno ya Kiswahili bila taabu. Mtu aweza kutunga fankisheni akaiita jumla-ya-bei, na mashine ikaitii sawasawa na kama ingaliitwa kwa Kiingereza. Maneno machache ya msingi hubaki ya kigeni, na hayo nayo yaweza kupewa majina mapya. Lugha zilizo nyingi za kompyuta zina maneno mengi yaliyokwisha kufungwa na watungaji wake; Lisp imemwachia mtumiaji mlango wazi wa kuyaongeza ya kwake.

Kiswahili chenyewe kimewahi kunufaika na njia hii ya kutenganisha usomaji na upimaji. Mwaka 1990 Fred Karlsson wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alieleza namna ya kuchambua sentensi kwa kanuni za vizuizi. Programu yake ya kwanza iliandikwa kwa Lisp, na kanuni zenyewe ziliandikwa kwa orodha za mabano. Katika chuo hicho hicho Arvi Hurskainen alikuwa ameanza mwaka 1985 kazi ya kuiwezesha kompyuta kuchambua Kiswahili, kazi iliyokuja kujulikana kwa jina la SALAMA. Mwaka 1996 alichapisha utafiti juu ya kutumia kanuni za aina hiyo kuondoa utata katika lugha za Kibantu.

Utata huo si mdogo. Neno ua laweza kuwa lile linukialo bustanini, laweza kuwa uwanja uliozungushiwa uzio, tena laweza kuwa amri ya kutoa roho. Mashine ilisomapo neno hilo peke yake haina budi kuzitaja maana zote. Kisha kanuni huyatazama maneno ya jirani. Likija lake, kama katika ua lake zuri, maana ya uwanja hufutwa. Likija wake, kama katika ua wake mpana, maana ya bustani hufutwa. Kanuni hizo zina sharti moja la busara: usomaji wa mwisho uliobakia haufutwi kamwe, hata kama una kasoro, ili neno lisiachwe bila maana yoyote. Hapa tena kusoma kumetangulia na hukumu imefuata. Kama mashine ingalihukumu papo hapo isomapo, ingalikosea kabla ya kuliona neno la pili.

Kati ya miaka ya 1960 na 1980, Lisp ilipokuwa ikikua Marekani na Ulaya, Tanzania ilikuwa na njia yake. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, wakati mashine hizo zilikuwa bado zahesabika kwa vidole, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na katika miaka ya 1980 ndipo mlango ulipoanza kulegezwa. Katika kipindi hicho lugha ya namna hii ilikuwa ni mali ya vyuo vyenye mashine ghali. Hali ilibadilika pale programu huria zilipoenea. Mwaka 1985 ilitolewa GNU Emacs, programu ya kuandikia matini ambayo sehemu yake kubwa ni Lisp, na mwaka 1999 ikatolewa SBCL, ambayo ni Common Lisp kamili. Zote mbili hupatikana bila malipo. Mwanafunzi wa Mfaranyaki mwenye kompyuta ya kawaida aweza kuwa na Lisp ile ile itumiwayo na mwalimu wa chuo kikuu cha ng'ambo.

Mwanafunzi huyo akiisha kuifungua, hukuta mazungumzo. Huandika usemi mmoja. Mashine huusoma, huutathmini, huchapa jibu, kisha hungoja usemi mwingine. Mzunguko huu wa kusoma, kutathmini na kuchapa ulikuwapo katika Lisp ya kompyuta ya PDP-1 iliyoelezwa mwaka 1964 na L. Peter Deutsch, aliyekuwa bado kijana mdogo, pamoja na Edmund Berkeley. Ni njia nzuri ya kujifunza, kwa kuwa kosa huonekana palepale. Lakini yote yatungwayo katika mazungumzo hayo hukaa katika kumbukumbu ya mashine, na kumbukumbu hiyo huishi kwa umeme. Fankisheni ishirini zilizotungwa tangu asubuhi hufa zote kwa dakika moja ya giza.

Hapo ndipo umuhimu wa kupakia uonekanapo. Fankisheni zikiandikwa katika faili, amri moja ya kupakia hulifungua faili hilo, husoma usemi wa kwanza na kuutathmini, husoma wa pili na kuutathmini, na kuendelea hata mwisho wa faili. Kwa hiyo utaratibu wa maandishi ni jambo kubwa. Fankisheni ikiitwa katika usemi wa tano ilhali imetungwa katika usemi wa tisa, upakiaji hukwama kwenye wa tano. Na ukikwama, semi nne za kwanza hazitanguki. Zimekwisha kutendwa na athari zake zimo ndani ya mashine. Faili lililokwama katikati ni kama nyumba iliyojengwa kuta mbili: si kiwanja kitupu, wala si nyumba. Mpakiaji mwangalifu hulisahihisha faili, huianza Lisp upya, kisha hulipakia tena tangu mwanzo.

Basi faili ndilo jibu la swali la umeme. Lakini faida hiyo imefuatana na hatari, maana kupakia si kusoma tu. Alipakiaye faili la mwingine huzitenda amri zote zilizomo, azijue asizijue. Hatari hii ilidhihirika mwezi wa Juni 2012. Programu ya uchoraji ya AutoCAD, itumiwayo na wahandisi, wasanifu wa majengo na wapima ardhi katika nchi nyingi, ina Lisp yake iitwayo AutoLISP tangu mwaka 1986, na ilikuwa na desturi ya kupakia yenyewe faili za majina fulani zilizokutwa katika folda moja na mchoro uliofunguliwa. Kampuni ya ESET iligundua kirusi kilichoitwa ACAD/Medre.A, kilichoandikwa kwa AutoLISP, ambacho kilijificha katika faili za namna hiyo. Mtu alifungua mchoro aliotumiwa na mwenzake, na kirusi kilipakiwa bila yeye kuamuru. Kisha kilituma nakala za michoro yake kwa barua pepe katika anwani zilizokuwa China. Walioathirika zaidi walikuwa Peru, na michoro iliyochukuliwa ilifikia makumi ya maelfu. Baada ya hapo matoleo mapya ya AutoCAD yalimwezesha mtumiaji kutaja folda anazoziamini, na kumwonya kabla faili la kwingineko halijapakiwa.

Hata kusoma kwenyewe si salama daima. Katika Common Lisp, iliyowekewa kanuni rasmi nchini Marekani mwaka 1994, ipo alama #. ambayo humwamuru msomaji atathmini usemi unaofuata papo hapo, wakati bado yu katika kusoma. Watungaji wa kanuni waliijua hatari yake, wakaweka njia ya kuizima. Anayesoma data iliyotoka kwa watu asiowajua yampasa kuizima kwanza. La sivyo, ukuta ulio kati ya kusoma na kutenda huwa na tundu, na adui huhitaji tundu moja tu.

Historia ya Lisp, basi, ni historia ya mpaka. Russell aliuvuka alipoigeuza nadharia kuwa kitendo, na dunia ikafaidika. Waandishi wa virusi wameuvuka kwa njia nyingine, wakawadhuru waliopakia bila kusoma. Waya wa Makambako umepunguza giza la Songea, lakini gridi yenyewe hukatika, na hakuna waya umlindao mtu na faili asilolijua. Kinga ya hasara ya kwanza ni kuandika: kila fankisheni ifaayo itoke katika mazungumzo iingie katika faili. Kinga ya hasara ya pili ni kusoma: kila faili litokalo kwa mwingine lisomwe kwa macho kabla halijapakiwa kwa amri. Mabano ya Lisp hayana siri kwa ayafunguaye. Faili laweza kusomwa lote bila amri hata moja kutendwa, na uhuru huo ndio mwenye haraka autupao.