Faragha ya Intaneti Kisii na Nyamira

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Wengi wao huingia intaneti kwa njia moja tu: simu ya mkononi, bando la siku, na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Habari za serikali kuwachungulia wananchi zikitajwa, watu huwaza programu za kijasusi zinazouzwa kwa mamilioni ya dola. Programu hizo zipo, na Kenya imetajwa zaidi ya mara moja miongoni mwa wateja. Lakini kinachomgusa mwalimu wa Keroka au mkulima wa chai wa Kebirigo ni jambo la kawaida zaidi, yaani kumbukumbu ambazo kampuni ya simu huziandika kila siku kwa shughuli zake yenyewe. Anayetaka kumpata mtu hana haja kubwa ya kujua amesoma nini, ikiwa anaweza kuuliza alikuwa wapi, saa ngapi, na laini ni ya nani.

Kampuni inaona nini

Mtu aliye Ogembo anapofungua tovuti, simu yake kwanza huzungumza na mnara ulio karibu. Kampuni huandika namba ya laini, namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, mnara uliotumika na saa. Kisha simu huuliza anwani ya tovuti inayotafutwa, na kwa kawaida swali hilo hujibiwa na mitambo ya kampuni ileile. Baada ya hapo mambo hufungwa. Tovuti nyingi leo, zile zinazoonyesha alama ya kufuli, husimba mawasiliano yake, kwa hiyo kampuni haisomi ukurasa wala maneno yaliyoandikwa humo. Inachobaki nacho ni jina la tovuti, muda na kiasi cha data.

Hilo laweza kuonekana dogo. Mtu akisoma makala ya ukimwi katika gazeti kubwa la mtandaoni, kampuni itajua tu kwamba alifungua gazeti. Akifungua tovuti ya kituo cha ushauri wa ukimwi, jina la tovuti limeshamaliza habari.

Kuna jambo la pili ambalo wachache hulifahamu. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani ni chache, kwa hiyo kampuni za simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Mtandao wa kijamii ukiulizwa nani aliandika chapisho fulani, unaweza kutoa anwani na saa tu. Anwani hiyo peke yake haimtambulishi mtu. Anayeweza kutenganisha wateja hao ni kampuni ya simu, kwa daftari lake la nani alipewa nafasi gani dakika ipi. Ndiyo maana mpelelezi huishia kwenye kampuni ya simu hata pale ambapo tovuti yenyewe iko California.

Dirisha la faragha la kivinjari halibadilishi lolote katika hayo. Humficha mtu kwa ndugu anayeshika simu yake tu. VPN huzuia kampuni isione majina ya tovuti, lakini humhamishia mwenye VPN maarifa hayohayo, na baadhi ya zile za bure huishi kwa kuuza taarifa za wateja. WhatsApp husimba maneno kutoka simu hadi simu. Hata hivyo, hakuna usimbaji unaomzuia mwanachama wa kundi kupiga picha ya skrini na kuipeleka kwa chifu.

Laini ilivyofungwa na jina

Historia ya usajili wa laini inagusa Gusii, yaani Kisii na Nyamira, moja kwa moja. Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozua vurugu, mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka moto: nyumba zilichomwa na watu wakauawa upande wa Wagusii na upande wa Wakipsigis. Kote nchini ujumbe mfupi wa chuki ulisambaa kwa simu ambazo hakuna aliyejua wenyewe ni akina nani. Serikali ilifikiria kuzima huduma ya ujumbe mfupi. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, alishauri itumike kusambaza wito wa amani badala yake. Mwaka huohuo ikatungwa sheria iliyounda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Usajili wa laini ulianza 2010, na laini zisizosajiliwa zikazimwa mwisho wa 2012. Ni vigumu kumlaumu mtu wa Borabu aliyeona usajili huo kuwa afueni.

Kilichofuata kilipita makusudi hayo. Machi 2012 tume ya mawasiliano ya wakati huo iliziandikia kampuni za simu ikitaka zisaidie kuwekwa mitambo ya kufuatilia mwendo wa data, kwa hoja ya usalama wa mtandao. Mwaka 2015 zikatoka kanuni mpya za usajili wa laini. Waziri wa Habari na Mawasiliano wakati huo alikuwa Fred Matiang'i, mzaliwa wa Nyamira, ambaye baadaye akawa Waziri wa Usalama wa Ndani na mmoja wa wasukumaji wakuu wa Huduma Namba, usajili wa alama za mwili uliofanyika nchi nzima Aprili na Mei 2019. Mahakama Kuu iliamua Januari 2020 kwamba vinasaba na vipimo vya mahali mtu anapoishi visikusanywe. Oktoba 2021 ikabatilisha kuanza kutolewa kwa kadi zenyewe, kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa faragha kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyodai. Usajili wa laini nao ulirudiwa, makataa ya mwisho yakiwa 15 Oktoba 2022. Hivyo mtu wa Nyamira alijikuta akitoa kitambulisho kilekile mara ya tatu au ya nne, kila mara kwa daftari jingine.

Milango miwili ya sheria

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha na kutaja mawasiliano kwa jina. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki hiyo kupunguzwa, mradi iwe kwa sheria na kwa kiasi kinachostahili. Chini yake kuna sheria ambazo kwa sehemu kubwa zinasema jambo la maana: anayetaka kunasa mawasiliano aende kwa hakimu au jaji. Sheria ya Ujasusi ya 2012 inamtaka Mkurugenzi Mkuu aombe kibali Mahakama Kuu. Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mtandao ya 2018 inamtaka polisi apate amri ya mahakama kabla ya kukusanya taarifa za mwendo wa data au maudhui yenyewe.

Huo ndio mlango wa mbele. Wa nyuma ulifunguliwa Desemba 2014, pale Bunge lilipopitisha marekebisho ya sheria za usalama katikati ya zogo na ngumi. Kifungu cha 36A kiliingizwa katika Sheria ya Kuzuia Ugaidi, kikiruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano ili kugundua na kuvuruga ugaidi, kwa taratibu zitakazowekwa na waziri. Jaji hatajwi humo. Muungano wa upinzani ulikwenda kortini, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane vya marekebisho hayo. Kifungu hicho kilisalia.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, udhaifu mkubwa zaidi hauko kwenye maandishi ya sheria. Uko mahali ombi la polisi linapopokelewa, yaani ndani ya ofisi ya kampuni, ambako mteja hayupo na jaji anaweza kuwa hajaarifiwa. Shirika la Privacy International, katika ripoti ya Machi 2017, lilidai kwamba maafisa wa ujasusi walikuwa na njia ya moja kwa moja ya kuingia kwenye mitandao ya simu nchini. Oktoba 2024 gazeti la Daily Nation lilichapisha uchunguzi kuhusu polisi kutumia taarifa za simu kuwasaka watu. Safaricom imekuwa ikishikilia kwamba hutoa taarifa kwa kufuata sheria tu. Mvutano huo haujapata hukumu ya kuumaliza.

Mahakama zilipoulizwa kuhusu mitambo mahususi zimetoa majibu yanayogongana. Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kuunganisha mtambo wake na mitandao ya kampuni ili kubaini simu bandia. Jaji Mativo aliukataa Aprili 2018 katika kesi ya Okiya Omtatah, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo Aprili 2020, na rufani ya Chama cha Mawakili ikagonga mwamba katika Mahakama ya Juu mwaka 2023. Baadaye mamlaka ikataka namba za utambulisho za simu zinazoingia nchini zisajiliwe kwa ajili ya ushuru. Safari hii Mahakama Kuu ilikataa, Julai 2025.

Simu ikiwa mikononi mwa polisi

Programu za kijasusi zilizotangulia kutajwa zimeacha alama chache lakini za wazi. Barua pepe za kampuni ya Kiitaliano ya Hacking Team, zilizovuja 2015, zilionyesha mtu wa upande wa Kenya akiomba tovuti ya Kahawa Tungu iangushwe kama jaribio la uwezo wa bidhaa. Watafiti wa Citizen Lab, Toronto, waliona nchini dalili za programu za FinFisher na baadaye Pegasus.

Kisa cha 2025 kinafundisha zaidi kwa sababu ni cha kawaida zaidi. Mei mwaka huo polisi waliwakamata watengenezaji filamu wanne waliohusishwa na filamu ya BBC kuhusu mauaji ya waandamanaji wa Juni 2024, na wakachukua vifaa vyao. Viliporudishwa Julai, uchunguzi wa Citizen Lab ulikuta programu ya FlexiSPY imewekwa katika baadhi yake wakati vilipokuwa mikononi mwa polisi. Programu hiyo huuzwa madukani mtandaoni, na mtu yeyote mwenye pesa na simu ya mwenzake mkononi anaweza kuitumia. Hakuna usimbaji unaoishinda, kwa kuwa husoma skrini ileile anayoisoma mwenye simu.

Jirani na Kisii, katika Kaunti ya Homa Bay, Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao 7 Juni 2025 kwa sababu ya machapisho kwenye X kuhusu Naibu Inspekta Jenerali Eliud Lagat. Alisafirishwa hadi Nairobi, na siku iliyofuata alikuwa maiti katika Kituo Kikuu cha Polisi. Polisi walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa na shingo kukabwa. Baada ya hapo, kumwambia kijana wa Suneka kwamba asiye na la kuficha haogopi ni kumdhihaki.

Mitihani na Telegram

Katika Gusii hoja ya kudhibiti intaneti imepata wasikilizaji zaidi kupitia mitihani. Matokeo ya mtihani wa sekondari wa KCSE wa 2022 yaliiweka Shule ya Nyambaria ya Nyamira kileleni kwa wastani wa alama 10.89, na badala ya shangwe tupu kukazuka mjadala mkali wa wizi wa mitihani uliofika Bungeni. Makundi ya Telegram yaliyodai kuuza karatasi za mtihani yalikuwa yakijulikana na kila mwanafunzi. Novemba 2023 Telegram ilivurugwa nchini wakati wa KCSE, na mwaka 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ikaziagiza kampuni ziizuie saa za mtihani. Wazazi wengi walinyamaza, kwani nani angetetea wauza karatasi? Lakini 25 Juni 2025, siku ya kumbukumbu ya maandamano ya 2024, Telegram ilizuiwa tena, na hapakuwa na mtihani wowote. Hiyo ilikuwa wiki chache tu baada ya Mahakama Kuu kutoa amri ya muda, Mei 2025, ya kuzuia intaneti isivurugwe. Oktoba mwaka huohuo marekebisho ya Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mtandao ya 2018 yaliipa kamati ya serikali uwezo wa kuagiza tovuti au programu izimwe.

Katikati ya hayo Mbunge wa Aldai, Marianne Kitany, aliwasilisha mswada unaotaka kila mteja wa intaneti apewe namba ya mita kama ya umeme, na watoa huduma wapeleke ripoti ya matumizi kwa mamlaka kila mwaka. Lengo lililotajwa ni malipo ya haki. Hata hivyo, namba moja ya kudumu kwa kila mteja ingeondoa kazi yote ya kutenganisha wateja iliyoelezwa hapo juu.

Saiba, na njia za kudai haki

Tundu jingine halihusu majasusi hata kidogo. Katika saiba za mjini Kisii na za masokoni, ni kawaida mhudumu kumfungulia mteja barua pepe, eCitizen, KRA na HELB, akatunga nywila mwenyewe na kuiandika kwenye daftari la dukani. Nakala ya kitambulisho hubaki kwenye kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu mwenye saiba kama inavyoihusu kampuni kubwa.

Sheria hiyo inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, kuziona, kuzisahihisha na kutaka zifutwe. Malalamiko huenda kwa Kamishna wa Data, ofisi iliyoshikwa na Immaculate Kassait tangu Novemba 2020, na yanapaswa kuamuliwa ndani ya siku 90. Kifungu cha 51 kinatoa msamaha kwa usalama wa taifa, kwa hiyo njia hiyo humfaa zaidi anayelalamikia saiba au mkopeshaji wa mtandaoni kuliko anayeshuku polisi.

Kwa anayeshuku polisi, aghalabu taarifa humfikia kesi ikishafika kizimbani, afisa anapotoa orodha ya mawasiliano yake kama kielelezo. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai kielelezo hicho kiambatane na cheti kinachoeleza kilivyotolewa, na hapo wakili anaweza kuuliza amri ya mahakama iliyokitoa ni ipi na ya tarehe gani.