Kumisi kwa silinda ya injini

Kumisi ni hali ya silinda moja au zaidi kushindwa kuunguza mchanganyiko wa petroli na hewa kwa wakati wake. Gari hutetemeka likiwa limesimama, huishiwa nguvu mlimani, ekzosi hutoa mlio wa kukatakata, na mara nyingi taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Injini ya kawaida ya silinda nne ikizunguka mara 700 kwa dakika bila kukanyagwa mafuta, kila silinda inatakiwa kuwaka mara 350 katika dakika hiyo. Silinda moja ikiruka zamu zake, mtetemo hufika hadi kwenye usukani.

Ili silinda iwake inahitaji cheche, mafuta na hewa kwa kiasi sahihi, na komprisheni. Kazi ya fundi ni kujua kwanza ni silinda ipi, kisha kipi kati ya hivyo kimekosekana, ndipo spea inunuliwe. Mazoea ya kubadilisha plagi zote, halafu koili zote, halafu pampu ya mafuta mpaka gari litulie yanawaumiza wenye magari bure, kwa sababu ugonjwa huu hupimika.

Kompyuta ya gari hugundua kumisi kupitia sensa ya krenkishafti: silinda isipowaka, krenki hupunguza kasi kidogo katika zamu yake. Katika mfumo wa uchunguzi wa OBD-II, uliofanywa wa lazima nchini Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, namba ya hitilafu P0301 ni ya silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 ni kumisi kunakohamahama. Namba za silinda hutaja silinda tu, hazitaji sababu. Anayesoma P0303 na kutamka papo hapo kwamba koili imekufa anabahatisha. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana soketi ileile ya OBD-II chini ya dashibodi lakini hayasomeki na vipimaji vya bei nafuu. Hapo fundi huwasha injini na kuchomoa soketi za nozeli moja baada ya nyingine: silinda nzima ikizimwa injini hulegea, ile mbovu ikizimwa hakuna kinachobadilika.

Kipimo chenye faida kuliko vyote kwa gari lenye koili juu ya kila plagi ni kuhamisha. Mfano mzuri ni injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, iliyomo katika Toyota IST na Probox nyingi za Afrika Mashariki. Silinda ya kwanza iko upande wa cheni ya taimingi. Ikiwa namba ni P0303, koili ya silinda ya 3 hubadilishana nafasi na ya 1, na plagi ya 3 hubadilishana na ya 4, nozeli haziguswi. Namba hufutwa, gari huendeshwa. Ikirudi P0301, koili ndiyo mbovu. Ikirudi P0304, ni plagi. Ikibaki P0303, vyote viwili havina hatia, na uchunguzi unahamia kwenye nozeli na komprisheni. Hakuna shilingi iliyotumika.

Plagi ikishatolewa isitupwe kabla ya kusomwa. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni ya silinda yenye afya. Masizi meusi makavu yanaonyesha mafuta yamezidi hewa. Plagi iliyolowa na kunuka petroli haikupata cheche, au cheche ilikuwa dhaifu. Oili kwenye ncha inatoka kwenye ringi au sili za valvu, lakini oili iliyozunguka kauri ya juu huwa imevuja tu kutoka gasketi ya kava ya valvu, na dawa yake ni rahisi. Ncha moja iliyosafika kupita wenzake, huku maji ya rejeta yakipungua, inaelekeza kwenye gasketi ya hedi. Mstari mwembamba mweusi uliopanda kwenye kauri ni njia ambayo umeme umekuwa ukitorokea. Alama kama hiyo hubaki pia ndani ya mpira wa koili, ndiyo maana plagi mpya ikivishwa mpira wa zamani, kumisi hurudi.

Gari lililoanza kumisi baada ya injini kuoshwa kwa maji ya presha lichunguzwe mashimo ya plagi kwanza. Maji hutuama humo. Yakipulizwa na mpira ukakaushwa, tatizo huweza kwisha.

Nozeli inayofunguka husikika ikigonga kwa haraka mtu akiigusisha bisibisi ndefu na kutega sikio kwenye mpini. Upepo unaovuja kwenye gasketi ya manifoldi huleta kumisi kunakopungua injini ikikanyagwa. Silinda zote zikimisi muda mfupi baada ya kujaza tangi, mafuta yashukiwe. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ina okteni ndogo na huacha masizi. Ili kupambana na uchakachuaji, Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018.

Komprisheni hupimwa kwa geji plagi zote zikiwa nje, koili na nozeli zimechomolewa, na mafuta yamekanyagwa hadi chini. Silinda ikiwa chini sana ya wenzake, hutiwa kijiko cha oili na kupimwa tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, ni valvu au gasketi. Silinda mbili zilizopakana zikishuka pamoja, gasketi ya hedi imeungua katikati yao.

Taa ya injini ikimweka badala ya kuwaka tu, dereva apunguze mwendo na kusimama mahali salama. Petroli isiyoungua inaingia kwenye katalisti na kuwakia humo, na kauri yake huyeyuka. Kuchomoa koili kwa mkono ili kuona cheche injini ikiwa inazunguka kusifanyike kabisa. Umeme wake hufika maelfu ya volti.

Baada ya matengenezo namba hufutwa, kisha gari hupandishwa mlima likiwa na mzigo, kwa kuwa cheche dhaifu inaweza kustahimili gereji lakini ikashindwa injini inapovuta.