Uzito wa Kauli Nyepesi katika Waraka kwa Filemoni

Waandishi wa nyaraka za kwanza za Kikristo waliandika katika ulimwengu wa Kiyunani, ambamo msemaji hodari alitarajiwa kujua kutia chumvi na vilevile kuipunguza. Mbinu mojawapo ya kupunguza ni litotesi, yaani kuthibitisha jambo kwa kukanusha kinyume chake, kama Paulo anapowaambia Warumi kwamba haionei haya Injili, ilhali anajivunia. Mbinu hii isichanganywe na tafsida: tafsida husitiri aibu, litotesi husitiri uzito.

Upole huo wa kauli haujajaa mahali popote kama katika Waraka kwa Filemoni, wenye aya 25 tu, ambao Paulo aliuandika akiwa kifungoni kumwombea mtumwa Onesimo kwa bwana wake, Filemoni. Hasemi kwamba mtumwa alitoroka, bali kwamba alitengwa na bwana wake kwa kitambo, bila kumtaja aliyemtenga. Anagusia kuwa angeweza kuamuru, kisha anayaweka mamlaka hayo kando na kujiita mzee na mfungwa. Anaahidi kwa mwandiko wake mwenyewe kulipa hasara yoyote, halafu anadai kwamba hatataja deni la Filemoni kwake, ambalo si dogo, kwani ni nafsi yake. Hila hii ya kulitaja jambo kwa kujidai kuliacha wanabalagha waliiita paraleipsi. Mwishoni, kana kwamba limemjia tu, anaomba aandaliwe chumba cha wageni. Na kwa kuwa waraka ulielekezwa pia kwa Afia, Arkipo na kanisa lililokutana nyumbani mwa Filemoni, kama bwana huyo angekataa, angekataa mbele ya macho ya watu.

Mwandishi wa Kirumi Plinius Mdogo, alipomwombea kwa Sabinianus mtumwa wake aliyekwisha kuachwa huru, alitaja waziwazi alichotaka, nacho ni msamaha. Paulo hakutamka kama Onesimo aachwe huru, na pengo hilo lilikuja kuwafaa wengine: nchini Marekani, watetezi wa sheria ya 1850 ya kuwarejesha watumwa watoro waliutumia waraka huuhuu. Miaka kadhaa kabla ya hapo, mhubiri Charles Colcock Jones aliwahubiria watumwa wa Georgia dhidi ya kutoroka, akiutegemea waraka huo, na kwa maelezo yake mwenyewe nusu yao waliinuka wakaondoka, huku baadhi wakishikilia kwamba hakuna waraka wa namna hiyo katika Biblia.