Kuku Mgeni na Kamba Mguuni: Taswira ya Ndege na Ugeni katika Methali za Kiswahili

Methali za Kiswahili humchora mgeni kwa sura ya ndege wa kufugwa. "Mgeni ni kuku mweupe" humwonyesha asiyeweza kujificha kundini. "Kanga hazai ugenini" humwonyesha aliyepungukiwa na uwezo kwa kuwa mbali na kwao. Yenye uzito zaidi ni "kuku mgeni hakosi kamba mguuni", ambayo aghalabu hufasiriwa upesi kwamba mgeni hutambulikana tu.

Fasiri hiyo haitoshi. Kuku akishanunuliwa hufungwa mtini au kwenye mguu wa kitanda kwa siku kadhaa, hata aizoee nyumba. Akikimbia huanguka, akizunguka hujitatiza, kuku wenyeji humdonoa. Huonekana mjinga. Hata hivyo, methali haikuutaja ujinga wake. Imetaja kamba, na kamba haijifungi yenyewe.

Historia ya Kongowea yaithibitisha tafsiri hii. Jina hilo, ambalo Muyaka bin Haji (yapata 1776–1840) aliliita Mombasa yote, leo ni la mtaa wa ng'ambo wenye soko kubwa la vyakula. Jirani yake, mwaka 1875, wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianzisha Frere Town kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa. Waliitwa mateka, nalo neno hilo lilikuwa kamba tosha: liliwafungia katika siku ya kukamatwa kwao, si ya kuokolewa. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kukivamia kijiji chao. Misheni nayo, iliyowalinda, iliwaadhibu kwa viboko, hata malalamiko yakafika Uingereza. Aliyeishika kamba hakuwa mmoja.

Kuku halisi hufunguliwa baada ya siku chache. Methali haisemi lolote juu ya siku hiyo. Kimya hicho si kidogo. Mnamo Agosti 1997, huko Likoni, familia zilizokwisha kuzaa na kulea hapo zilishambuliwa na kufukuzwa kwa kuwa ni "watu wa bara", nyingine zikajihifadhi kanisani. Kanga hao walikuwa wamezaa ugenini.

Frere Town kamba ililegea polepole, kwa ndoa, kazi na lugha. Kengele ya misheni ingali imesimama, na mahali hapo huitwa Kengeleni na wakaao karibu, wa kila asili.