Kabla hujazima ruta tena

Jumapili ya Mei 12, 2024, watu wengi Tanzania walizima na kuwasha ruta zao wee, bila mafanikio. Tatizo halikuwa sebuleni. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika huko upande wa Afrika Kusini.

Pwani yetu imeanza zamani kutegemea waya wa baharini. Bagamoyo iliunganishwa na Zanzibar kwa telegrafu mwaka 1890. Enzi zile waya ukikatika, mafundi hawakukimbilia melini (wangeanzia wapi?). Walibaki nchi kavu, wakapitisha umeme na kupima ukinzani. Kwa vile walijua ukinzani wa kila maili, hesabu iliwaonyesha mkato uko umbali gani. Siku hizi, kwenye nyaya za kioo, hutumwa mwanga na kupimwa muda unaotumia kurudi.

Na wewe pima kwanza. Kwenye simu, fungua 192.168.1.1, au namba iliyoandikwa chini ya ruta yako. Ukurasa ukifunguka, Wi-Fi ya ndani ni nzima. Shida iko mbele zaidi. Halafu muulize jirani anayetumia mtandao mwingine. Naye hana? Basi iache ruta ya watu.