Dola la Janjira

Janjira lilikuwa dola dogo la kifalme kwenye pwani ya Konkan, magharibi mwa Uhindi, kusini mwa mji wa Mumbai. Kitovu chake kilikuwa ngome iliyojengwa juu ya kisiwa cha mwamba karibu na mji wa Murud. Watawala wake walikuwa Wasiddi, yaani Wahindi wenye asili ya Afrika. Walitawala tangu karne ya 17 hadi mwaka 1948, na katika muda huo wote ngome yao haikutekwa na adui kutoka nje. Leo eneo hilo ni sehemu ya wilaya ya Raigad katika jimbo la Maharashtra.

Jina

Jina Janjira limetokana na neno la Kiarabu "jazira", lenye maana ya kisiwa. Wasiddi waliitwa pia Habshi, yaani watu wa Uhabeshi, ingawa si wote waliotoka huko. Neno "Siddi" linahusiana na Kiarabu "sayyidi", maana yake "bwana wangu".

Asili ya watawala

Waafrika walifika Uhindi kwa njia ya Bahari Hindi kwa karne nyingi. Wengi waliletwa wakiwa watumwa, na wengine walikuja kama mabaharia, askari na wafanyabiashara. Katika masultani ya Dekkan mtumwa aliyekuwa askari hodari aliweza kupanda cheo. Aliyejulikana kuliko wote ni Malik Ambar (aliyefariki 1626), mzaliwa wa Uhabeshi ambaye alikuja kushika madaraka yote ya usultani wa Ahmadnagar.

Kisiwa cha Janjira kilikuwa chini ya Ahmadnagar, na makamanda wake walikuwa Wasiddi. Usultani huo ulipoanguka mwaka 1636, walijiweka chini ya usultani wa Bijapur. Kwa muda mrefu uongozi haukurithiwa moja kwa moja na mwana wa mtawala. Wakuu wa Wasiddi walikuwa na sauti katika kumchagua au kumwondoa kamanda wa ngome na merikebu.

Vita dhidi ya Wamaratha

Shivaji, mwanzilishi wa dola la Wamaratha, alijaribu mara kadhaa kuiteka Janjira bila mafanikio. Mnamo 1670 kamanda Fateh Khan alikuwa tayari kumkabidhi ngome. Wakuu wenzake walimpindua, wakaomba ulinzi wa Aurangzeb, mtawala wa Milki ya Mughal. Tangu hapo merikebu za Janjira zilikuwa sehemu ya nguvu ya baharini ya Mughal. Kati ya kazi zake ilikuwa kuzilinda safari za mahujaji kutoka bandari ya Surat kwenda Makka.

Shivaji alijenga ngome ya Padmadurg kwenye kisiwa cha jirani ili kuwabana Wasiddi. Mwaka 1682 mwanawe Sambhaji alianza kujaza bahari kwa mawe ili askari wake wavuke kwa miguu kutoka bara, lakini kazi hiyo haikufaulu.

Kamanda mashuhuri wa kipindi hicho alikuwa Siddi Qasim, aliyepewa jina la heshima Yaqut Khan. Mwaka 1689, wakati Waingereza walipokuwa na vita na Mughal, alishuka Mumbai na kuwazingira ndani ya ngome yao. Aliondoka mwaka 1690 baada ya Waingereza kuomba msamaha kwa Aurangzeb na kukubali kulipa faini ya rupia 150,000.

Mafarakano na kugawanyika

Hatari kubwa ilitoka ndani. Mtawala alipofariki mwaka 1733, wanawe waligombania kiti. Peshwa Bajirao wa Kwanza, waziri mkuu wa Wamaratha, aliingilia kati. Mapigano yaliendelea hadi 1736, na Janjira ilipoteza sehemu kubwa ya ardhi yake ya bara, ikiwa pamoja na ngome ya Raigad. Kisiwa chenyewe kilibaki mikononi mwa Wasiddi. Ugomvi mwingine wa urithi ulisababisha mwaka 1791 kuundwa kwa dola la Sachin karibu na Surat, lililotawaliwa na tawi la ukoo huohuo.

Chini ya Uingereza

Mwaka 1834 Waingereza walitangaza kwamba Janjira iko chini ya mamlaka yao, wakafunga kiwanda chake cha sarafu. Hata hivyo hawakuingilia mambo ya ndani hadi miaka ya 1860 kuelekea mwisho wake, walipomnyang'anya nawabu madaraka ya mahakama ya jinai kwa sababu ya utawala mbaya.

Wakati wa sensa ya 1901 dola lilikuwa na wakazi wapatao 85,000. Wengi wao walikuwa Wahindu. Wasiddi walikuwa wachache sana. Mji mkuu ulikuwa Murud. Jafarabad, kwenye pwani ya Gujarat, ilikuwa pia chini ya nawabu.

Watawala watatu wa mwisho

- Siddi Ibrahim Khan III (1848–1879)
- Siddi Ahmad Khan (1879–1922)
- Siddi Muhammad Khan III (1922–1948). Alirithi akiwa mtoto, na mama yake alitawala kwa niaba yake hadi 1933.

Mwisho wa dola

Baada ya uhuru wa Uhindi, Janjira iliunganishwa na jimbo la Bombay mwaka 1948, na Jafarabad ikaingizwa katika Saurashtra. Ngome sasa ni magofu yanayotembelewa na watalii wanaofika kwa mashua. Kuta zake bado zimesimama, na baadhi ya mizinga mikubwa imebaki juu yake.